Kufundisha Ghasia za 2007/08 Darasani: Mwongozo kwa Mwalimu wa Historia

Watoto waliozaliwa mwaka wa 2009 watapiga kura kwa mara ya kwanza Agosti 2027. Hawakuwepo Kenya ilipoungua baada ya uchaguzi wa Desemba 2007: hawakuuona moshi wa Burnt Forest, hawakulala kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho wa Eldoret, wala hawakusikia milio ya risasi Kondele, Kisumu. Hata hivyo wanajua. Wanajua nyumba ya nani ilichomwa, shamba gani liliachwa, na jamii ipi wameambiwa wasiiamini. Wamefundishwa jikoni, kwenye matatu, matangani, na siku hizi kwenye vikundi vya WhatsApp vya ukoo. Asiyewafundisha ni mwalimu wao.

Wengi wetu tunanyamaza kwa nia njema. Tunaogopa kutonesha kidonda. Mimi naamini kimya chetu kinawaachia kazi hiyo watu wasio na nia njema, na kila baada ya miaka mitano watu hao huja na maikrofoni. Hata hivyo, somo hili likifundishwa kiholela linaweza kuligawanya darasa lililokuwa likiishi vizuri, kwa hiyo lina mpangilio wake. Ninaoueleza hapa unafaa kidato cha tatu na cha nne, au gredi ya tisa kwenda juu, na unahitaji vipindi vitano au sita. Kiongozi wa vijana kanisani au msikitini anaweza kuutumia pia.

Hatua ya 1: Jiandae wewe kwanza

Soma ripoti ya Tume ya Waki iliyozichunguza ghasia hizo, iliyotolewa Oktoba 2008. Usitegemee kumbukumbu zako, hata kama ulikuwepo. Tume hiyo ilihesabu watu 1,133 waliouawa: 744 katika Bonde la Ufa, 134 Nyanza, 125 Nairobi, 98 Magharibi, 27 Pwani na 5 Mkoa wa Kati. Ziandike namba hizi kwenye daftari lako, kwa sababu kila upande umekuzwa ukiamini kuwa wenyewe ndio uliokufa peke yake. Soma pia ripoti ya Tume ya Kriegler kuhusu uchaguzi wenyewe. Mwanafunzi atakuuliza, "Kwani nani alishinda?" Jibu la tume hiyo ni kwamba uchaguzi uliharibika kiasi kwamba matokeo ya kweli hayawezi kujulikana. Mpe jibu hilo hilo. Usiongeze lako.

Kisha jikague moyo. Wanafunzi wanalijua kabila lako tangu siku uliyoandika jina lako ubaoni, na watakusikiliza kupitia hilo jina. Kama familia yako ilipoteza mtu au shamba, huna haja ya kuficha, lakini kilio chako kitafutie mahali pengine kabla ya kuingia darasani. Ukiona bado sauti inakukwama ukifika Januari 2008, tafuta mwenzako afundishe sehemu hiyo.

Napendekeza kwa nguvu zote mfundishe wawili, walimu wa jamii mbili tofauti, mkisimama mbele pamoja. Vijana wengi hawajawahi kuona watu wazima wawili wa makabila hasimu wakizungumzia jambo hili chumba kimoja, wakitofautiana, kisha wakaenda kunywa chai pamoja. Kuliona hilo ni fundisho tosha hata kabla hamjaandika tarehe ya kwanza.

Hatua ya 2: Wajulishe wanaopaswa kujua

Mweleze mwalimu mkuu, mpe mpango wa vipindi kwa maandishi. Mwombe mwalimu wa ushauri nasaha awe karibu siku za kipindi cha tatu na cha nne. Waandikie wazazi barua fupi: mtafundisha nini, kwa kutumia ripoti za tume rasmi, na kwamba mtoto hatalazimishwa kusimulia habari za nyumbani kwao. Mzazi anayejua mapema huwa mwepesi wa kusaidia. Anayesikia habari nusu kutoka kwa mtoto jioni hufika shuleni asubuhi akiwa amewaka.

Hatua ya 3: Wekeni masharti ya mazungumzo

Yaandikeni pamoja kwenye karatasi ya manila na kuibandika ukutani hadi mwisho wa mada. Mengine watayatoa wenyewe, ila haya matatu usikubali yakosekane.

La kwanza, hakuna kumtaja kwa jina mtu wa kijijini anayedaiwa kuua, kuchoma au kupora. Darasa si mahakama, na mtoto wa mtu huyo huenda ameketi dawati la pili.

La pili, tutataja watendaji, hatutataja makabila kana kwamba kabila lina mikono. Badala ya "Wakalenjin walichoma" au "Wakikuyu walilipiza kisasi," tutasema "vijana waliokuwa kwenye kizuizi kile," "genge lililoingia mtaa ule," "polisi waliotumwa Kisumu." Wanafunzi watadhani hii ni adabu tu. Waeleze kwamba ni usahihi wa kihistoria. Watu milioni kadhaa hawakushika kiberiti. Waliofanya ni watu fulani, siku fulani, na wengi wa jamii hiyo hiyo walijifungia nyumbani wakitetemeka, au walikuwa wamewaficha majirani darini. Mwanafunzi akiteleza, msahihishe kwa upole kila mara, hata kama ni mara ishirini kwa kipindi. Baada ya siku chache wataanza kusahihishana wenyewe.

La tatu, asiyetaka kusema asiulizwe. Na kamwe usimgeukie mtoto mmoja ukamwambia, "Wewe unatoka upande ule, hebu tuambie watu wenu walionaje." Mtoto si msemaji wa kabila.

Hatua ya 4: Anzeni mbali, anzeni na ardhi

Kosa kubwa ni kuanzia tarehe 30 Desemba 2007, jioni ile Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, alipotangaza matokeo na Mwai Kibaki akaapishwa kuwa rais saa hiyo hiyo Ikulu. Ukianzia hapo, ghasia zinaonekana kama wazimu ulioshuka kutoka mbinguni, na mwanafunzi anabaki na jibu moja tu: hivyo ndivyo "watu wale" walivyo.

Chora mstari wa nyakati ubaoni. Weka mikataba ya 1904 na 1911 iliyowaondoa Wamaasai kwenye ardhi yao. Weka kuuawa kwa Koitalel arap Samoei mwaka wa 1905, Wanandi wakipinga reli na unyakuzi wa ardhi yao. Weka walowezi wa Kizungu na wafanyakazi waliotoka Kati na Magharibi kulima mashamba yao. Weka mipango ya makazi iliyoanza 1962, kisha ushirika na makampuni ya kununua mashamba baada ya uhuru.

Hapo pumzika. Andika sentensi mbili ubaoni, kila moja upande wake:

"Babu yangu alifukuzwa hapa na mzungu, na mzungu alipoondoka shamba halikurudi kwetu."

"Babu yangu alinunua shamba hili kwa jasho lake, na hati tunayo."

Uliza: ipi kati ya hizi ni uongo? Wape muda. Watabishana, watatafuta kasoro katika sentensi ya upande mwingine, wataleta habari za hati bandia. Waache kwanza. Kisha waambie wazi kwamba zote mbili ni kweli, na kwamba aliyezigombanisha ni serikali ya kikoloni iliyonyang'anya, na serikali ya uhuru iliyouza bila kuwarudishia walionyang'anywa. Kama kuna kipindi kimoja ambacho usikiharakishe, ni hiki. Mwanafunzi akikubali kubeba kweli hizo mbili kwa pamoja, yanayofuata yote yatamwingia. Asipokubali, kila utakachosema baadaye atakipima kwa mzani wa nani alitangulia kufika.

Endelea na mstari wako: mapigano yaliyoanzia shamba la Meteitei, Nandi, Oktoba 1991, Kenya ikielekea kurudi kwenye vyama vingi, yakaenea 1992, Likoni, Mombasa, Agosti 1997, Tume ya Akiwumi iliyoyachunguza hayo yote. Waulize wanaona nini kuhusu miaka hiyo. Kuna atakayesema, "Mwalimu, kila mara ni kabla ya uchaguzi au baada yake." Muulize swali moja zaidi: kama chuki ni ya tangu jadi, mbona miaka isiyo na uchaguzi watu hawa huoana, huuziana maziwa na kuzikana?

Hatua ya 5: Simulia miezi miwili, na usiruke upande wowote

Hiki ndicho kipindi kigumu. Kisimulie kwa sauti ya kawaida, kwa mfuatano wa tarehe na mahali. Usionyeshe picha za maiti wala video. Picha hizo hukaa kichwani kwa miaka, hazifundishi kitu ambacho maneno hayawezi, na aliye pichani anaweza kuwa ndugu wa mmoja wa wanafunzi wako.

Matukio manne nayaona ni ya lazima, na yote manne yaingie kipindi kimoja, ili mtoto asiende nyumbani na nusu ya habari. Kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret, lililochomwa tarehe 1 Januari 2008 likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Naivasha, tarehe 27 Januari, ambako watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja. Kisumu na vitongoji vya Nairobi, ambako polisi walifyatulia watu risasi za moto. Kati ya wale 1,133, Tume ya Waki ilihesabu 405 waliokufa kwa risasi. Na ubakaji uliofanyika karibu kote, ambao mara nyingi hurukwa kwa aibu.

La ubakaji lisemwe kwa heshima na kwa ufupi, bila maelezo ya kina. Wape pia mwendelezo wake: tarehe 10 Desemba 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba serikali ilishindwa wajibu wake kwa wanne kati ya wanane waliokuwa wamefungua kesi, ikaagiza kila mmoja wao alipwe shilingi milioni 4. Wasichana darasani wanahitaji kusikia kwamba kuna waliosimama kortini wakadai haki.

Watu laki kadhaa walihama makwao. Unapofika hapa, angalia madawati yako. Huenda nusu ya darasa wako hapo walipo kwa sababu ya uhamaji huo.

Maliza na tarehe 28 Februari, Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga wakitia saini mapatano mbele ya mpatanishi Kofi Annan, ngazini pa Harambee House. Usilale na darasa kwenye moshi. Hakikisha kengele haijalia kabla hamjafika hapo.

Hatua ya 6: Zoezi la kizuizi

Vizuizi vya barabarani vilikuwa kila mahali Januari ile. Magari yalisimamishwa, watu wakaitishwa vitambulisho, na jina ndilo lililoamua nani apite. Zoezi hili linalichambua tukio la namna hiyo, na ndilo kiini cha mwongozo wangu wote.

Gawa makundi ya watu watano, yaliyochanganyika. Kila kundi lipewe orodha hii: kijana aliyekata mti ukaangukia barabarani, mwenye pikipiki aliyetoa petroli, mtu aliyewaletea vijana chakula na pesa kidogo, mwanasiasa aliyesema mkutanoni wiki kadhaa kabla kwamba "madoadoa," yaani watu wa makabila mengine, yaondolewe, aliyesambaza ujumbe wa simu usiku, mzee aliyepita pale asubuhi akatazama chini, dereva wa lori, askari aliyepigiwa simu, mama mwenye nyumba iliyo hatua chache kutoka barabarani. Kwa kila mmoja wajibu maswali mawili. Alikuwa na uwezo wa kufanya nini tofauti? Na hadi lini bado angeweza kukifanya?

Utaona jambo. Mwanzoni makundi yote hubanana kwa yule kijana aliyekata mti, kana kwamba ndiye pekee aliyekuwepo. Kisha mmoja anauliza kuhusu pesa za chakula zilitoka wapi. Mwingine anasema mzee yule angesimama tu, vijana wangemwonea haya. Kufikia mwisho wa kipindi orodha iliyokuwa ya watu tisa imekuwa na maamuzi ishirini au zaidi, na karibu kila moja lingeweza kwenda kinyume. Hapo ndipo vita vinapoacha kuwa mafuriko na kuwa kazi iliyofanywa na watu, hivyo inayoweza kukataliwa na watu.

Onyo: waandike na kujadili, wasiigize. Usimfanye mtoto acheze mwenye panga, wala mwenzake acheze anayepiga magoti kuomba uhai. Nimesikia walimu wakisema maigizo huchangamsha somo. Somo hili halihitaji kuchangamshwa.

Hatua ya 7: Waonyeshe waliokataa

Baada ya kizuizi, darasa huwa limeinama. Kipindi kinachofuata kiwe cha watu waliofanya kinyume, na kiwe kizima, kisiwe dakika kumi za mwisho.

Askofu Cornelius Korir wa Eldoret aliwapokea maelfu katika uwanja wa kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, yeye Mkalenjin, wengi wa waliokimbilia kwake wakiwa wa jamii zilizokuwa zikifukuzwa. Kazi yake ya baadaye ina mafunzo zaidi. Hakukimbilia kuwaketisha mahasimu meza moja. Kwanza kila upande ulizungumza peke yake hadi ukamaliza hasira, kisha wachache wakakutana na wachache, kisha wengi, na mwisho wakapewa jambo la kufanya pamoja. Darasani usitenganishe watoto kwa makabila kumwiga, utajuta. Ila unaweza kuchukua busara yake: kila mmoja aandike peke yake kwanza, asome na jirani, ndipo darasa zima lizungumze.

Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir alikuwa na uzoefu wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za Kisomali zikiuana huko, yeye na wanawake wenzake walianzia sokoni: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa, na wao wenyewe wakalisimamia hilo. Kutoka sokoni wakawafikia wazee na vijana, na mwaka wa 1993 wazee wakatia saini Azimio la Al-Fatah. Ghasia za 2008 zilipozuka, yeye na wengine, akiwemo Jenerali Lazarus Sumbeiywo, walikuwa wakikutana Nairobi kutafuta njia ya kuzizima hata kabla Annan hajatua nchini.

Na Kibera kulikuwa na mchoraji Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, aliyezunguka na rangi akiandika wito wa amani kwenye kuta, mabati na barabara, mtaa ukiungua. Vijana humpenda huyu kuliko wote, kwa kuwa hakuwa na cheo chochote.

Hatua ya 8: Kazi ya nyumbani, kwa maswali uliyoyachagua

Ukimwambia mtoto "muulize bibi yako kilichotokea," ataletewa orodha ya maadui. Mpe maswali haya badala yake: Mlikuwa wapi siku matokeo yalipotangazwa? Mlilala wapi wiki ile? Mlikula nini? Nani asiye wa ukoo wenu aliwasaidia, au nyinyi mlimsaidia nani? Ni kitu gani mlikipoteza ambacho mpaka leo mnakikumbuka?

Majibu yatakayokuja yatafanana kupita unavyodhani. Ugali bila mboga. Kulala na viatu. Jirani aliyebeba mtoto mgongoni hadi kituo cha polisi. Ng'ombe mmoja aliyeitwa kwa jina lake. Yasomwe bila kutaja jina la mwandishi wala kijiji, kisha waulize wanaweza kutambua yupi ni wa jamii ipi. Hawawezi. Na mtoto ambaye nyumbani wamekataa kusema, daftari lake tupu likubali bila swali.

Hatua ya 9: Usikwepe suala la haki

Wataliuliza: "Mbona hakuna aliyefungwa?" Jibu ukweli. Kesi zilizokamilika humu nchini ni chache mno. Washukiwa sita walitajwa na mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) Desemba 2010, na wanne wakathibitishiwa mashtaka Januari 2012. Mashtaka dhidi ya Francis Muthaura yaliondolewa Machi 2013, ya Uhuru Kenyatta Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua arap Sang ikasitishwa Aprili 2016. Hakuna aliyepatikana na hatia. Sema hayo kama yalivyo na uishie hapo. Ukianza kukonyeza darasa kuhusu nani alikuwa na hatia na nani alionewa, umeshaingia kampeni.

Kisha waonyeshe kilichobadilika: Katiba ya Agosti 2010, na Mahakama ya Juu iliyofuta uchaguzi wa rais tarehe 1 Septemba 2017. Mwaka wa 2007 aliyehisi kuibiwa hakuiamini korti. Wajadili kwa uhuru kama leo inaaminika vya kutosha; hapa hakuna jibu la kitabu.

Mambo yakiharibika

Mtoto akilia, somo lisimame. Mwenzake wa karibu atoke naye, au mwalimu wa ushauri nasaha, na usimfuate kwa maswali. Mtoto akitoa neno la chuki, usimfukuze darasani, kwani atakwenda kulirudia mahali ambapo hakuna wa kumjibu. Muulize amelisikia wapi, na lilifanya kazi gani mwaka wa 2008. Tume ya Uwiano na Utangamano ilitoa mwaka wa 2022 orodha ya maneno ya kuepukwa, "madoadoa" na "kwekwe" yakiwemo. Uwe nayo mezani. Na mzazi akija amekasirika, mpe kiti, mpe barua uliyoiandika na nakala ya ripoti, kisha mwombe aseme yaliyomsibu. Mara nyingi ndilo alilokuja nalo.

Lini?

Katika mwaka wa uchaguzi, maliza mada hii muhula wa kwanza. Kufikia Juni magari ya kampeni yatakuwa yanapita nje ya dirisha, na utakachosema kitapewa rangi ya chama. Miaka mingine, muhula wa pili ni mzuri. Epuka wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule: ukishafundisha hatua ya tano, wanafunzi wanakuhitaji uwepo darasani siku zinazofuata.